Mashine ya sarafu ya ghorofa: namna ya kufua bila kuliwa

Kwenye jengo letu, mlimani Isamilo, Mwanza, tunaiita Dubwi. Ipo chini ya ngazi, kando ya tenki la maji: mashine nyeupe ya kufulia ya kilo saba, mlango mbele, na ubavuni fundi kafunga kisanduku cha chuma chenye mwanya wa sarafu. Unatumbukiza mia tano sita, taa inawaka, unaanza kumwomba Mungu. Kama umewahi kuona vijana wamelizunguka dubwi la kamari mtaani, unajua jina limetoka wapi. Linakula, na likishakula halina mazungumzo.

Familia kumi na mbili, mashine moja. Nimeishi nayo miaka miwili, nimeliwa vya kutosha, na sasa naliwa kidogo. Bei nitakazotaja ni za jengo letu kabla hatujamwendea mwenye nyumba. Wewe weka za kwako, hesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: Jua elfu tatu yako inakwenda wapi

Wapangaji wengi wanalalamika kwamba mashine ni ghali bila kujua ughali uko wapi. Anza na umeme. Jengo lenye mita moja ya LUKU kwa wote halipati ile bei nafuu ya mtumiaji mdogo, ambayo ni kwa matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Familia kumi na mbili mnazimaliza hizo kabla wiki ya kwanza haijaisha. Kwa hiyo mko kwenye bei ya kawaida: uniti ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na makato inafika kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na ushee, ukiacha ule ununuzi unaokatwa na kodi ya jengo.

Mashine ya mlango wa mbele, ukifua kwa maji baridi, inakula chini ya nusu uniti. Ukichagua nyuzi 60 inakaribia uniti nzima, kwa sababu umeme mwingi unakwenda kuchemsha maji, si kuzungusha nguo. Maana yake umeme wa mzunguko mmoja ni kati ya shilingi mia na mia nne hivi. Maji ni kama lita 60, ndoo tatu za lita 20. Uniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, ndoo hamsini, kwa hiyo inatosha mizunguko kumi na sita. Hata kama uniti hiyo ingekuwa elfu mbili, mzunguko mmoja ungekuwa shilingi 120. Sabuni ni yako.

Inayobaki, elfu mbili na mia nne na zaidi, ni ya mwenye nyumba: bei ya mashine, fundi, na faida. Mimi simlaumu mtu kutaka faida kwenye mali yake. Ninachokataa ni kulipa mara mbili kwa nguo zile zile, na huko ndiko pesa ya mpangaji inakopotelea. Elfu tatu ya kwanza haiumi. Inayouma ni ya pili, unayoweka kwa sababu povu halijatoka, au umeme umekatika, au uliweka nguo nne ukakumbuka shuka baadaye.

Hatua ya 2: Tafuta sarafu kabla ya kuloweka

Kisanduku chetu hakijui noti, hakijui mia mbili, hakijui simu. Kinataka sarafu ya 500 tu, ile iliyoanza kutumika mwaka 2014, na Jumamosi asubuhi sarafu hiyo huioni mtaa mzima. Duka la kwanza watakwambia hawana chenji, la pili watakuuliza unanunua nini.

Mtu wa kumwendea ni konda wa daladala, jioni, gari likiwa limepaki. Mfuko wake mzito na anatafuta wa kumbebea. Mpe elfu kumi akupe ishirini, wote mmefurahi. Wa pili ni mwenye meza ya pool. Usiziweke kwenye droo ya jikoni, watoto wanaijua. Mimi naweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Shemeji yangu aliyepanga Minneapolis, Marekani, ananiambia kule wengine bado wanakusanya robo dola kwa mtindo huu huu, na zikiisha Jumapili jioni nguo zinasubiri benki ifunguliwe. Nilifarijika sana siku ile.

Kabla ya kutumbukiza hata moja, fanya mambo haya kwa mpangilio huu. Soma mita ya LUKU, kama zimebaki uniti mbili tatu, usifue. Fungua bomba lililo kando ya mashine uone nguvu ya maji. Kwa sisi tuliopanda mlima, presha huwa ndogo saa ambazo kila mtu anatumia maji, na mashine isipojaa kwa muda iliopangiwa inasimama na kuandika herufi zisizosomeka. Funga mlango mpaka usikie "ta". Kausha sarafu kwa nguo. Halafu weka moja, subiri kihesabio kisogee, ndipo uweke nyingine. Anayezisukuma zote sita kwa mpigo ndiye anayekuja kugonga mlango wa mlinzi saa mbili usiku.

Hatua ya 3: Pakia kwa kilo, si kwa macho

Hapa ndipo pesa ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unalipia mzunguko, hulipii nguo. Ukiweka kilo saba, kila kilo imekugharimu shilingi 430. Ukiweka tano, 600. Ukiweka kilo tatu kwa sababu unataka sare ya mtoto ikauke haraka, umelipa elfu moja kwa kilo. Dada anayekuja kutufulia kwa mkono tunampa elfu kumi kwa rundo ambalo nililipima siku moja kwa ule mzani wa ndoano wa kupimia mabegi ya safari: kilo kumi na nne. Ni kama 700 kwa kilo, na yeye anatoa madoa ya kola ambayo Dubwi haiyaoni kabisa. Kwa hiyo mashine ikijaa inamshinda dada kwa bei, ikiwa nusu tupu inashindwa naye. Huo ndio uamuzi wenyewe, mengine ni maneno.

Huna mzani? Jinzi ya mtu mzima ni karibu robo tatu ya kilo. Shuka ya kitanda kikubwa nusu kilo na kidogo. Taulo kubwa nusu kilo. Fulana tano au sita zinafanya kilo moja. Ukishapakia, kiganja chako kipite kwa kulala juu ya nguo ndani ya ngoma. Kisipopita umezidisha, nguo zitageuzwa tu bila kufuliwa. Ngumi ikicheza humo kwa raha, nenda katafute shuka la kuongezea.

Peleka kwenye mashine vile vinavyouchosha mkono: shuka, jinzi, mataulo, masweta ya shule, mapazia. Blanketi zito lisiingie, likilowa linaielemea ngoma na mkanda unalia. Khanga na vitenge vipya pia visiingie, vinachuja rangi. Vifue peke yake kwenye beseni mara tatu nne za mwanzo. Kwa kosa hilo niliwahi kumgeuzia jirani yangu, mwalimu, mashati matano yakawa ya waridi. Alivaa mawili. Matatu bado ananidai.

Na nguo za ndani, jamani, fua mwenyewe bafuni usiku. Si suala la usafi. Ni kwamba mzunguko ukiisha nawe hupo, mtu mwingine atazitoa kwa mkono wake, na kesho mtasalimiana kwenye ngazi.

Hatua ya 4: Kagua mifuko

Fupi lakini usiruke. Mwaka jana Dubwi ilinyamaza wiki nzima, na mwenye nyumba akatangaza kwamba wapangaji tumeiharibu. Fundi alipofungua kichujio kile cha chini mbele, alitoa pini ya nywele, kifungo, na sarafu tatu za mia tano. Mashine iliyokuwa inakula sarafu kwa ubavuni ilikabwa na sarafu zilizopita mlangoni.

Hatua ya 5: Punguza sabuni, halafu punguza tena

Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chumvichumvi. Kwa hiyo sabuni kidogo tu inatoa povu jingi. Waliohamia Mwanza kutoka Dodoma, ambako maji ya visima ni magumu na sabuni inakataa kutoa povu, wanakuja na kipimo cha kule na kuimwagia Dubwi kikombe kizima. Povu linapanda, mashine inahisi halijaisha, inarudia kusuuza, muda wa sarafu unakwisha, nguo zinatoka zinateleza. Haya, elfu tatu nyingine.

Kwa mzigo uliojaa, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga ya mashine vinatosha. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa itoe povu kwa makusudi. Kama ndiyo uliyonayo, weka kijiko kimoja na ukiyeyushe kwanza kwenye maji. Kola na viwiko visugue kwa sabuni ya mche kabla ya kupakia. Na chagua maji baridi. Nyuzi 60 ni kwa nepi, mashuka ya mgonjwa na vitambaa vya jikoni.

Hatua ya 6: Umeme ukikatika katikati

Itatokea. Usivute mlango kwa nguvu, kufuli lake huachia lenyewe dakika chache baada ya umeme kukatika, ila maji yakiwa yamejaa yatakumwagikia. Chomoa waya ukutani kwanza. Weka beseni la kina kifupi chini mbele ya mashine, fungua kile kifuniko kidogo cha kichujio. Nyingine zina kimpira chembamba pembeni, kivute na uzibue. Maji yatoke kidogo kidogo, ziba, mwaga, rudia. Ni mabeseni manne au matano. Kisha fungua mlango, kamua kwa mkono, kasuuzie juu.

Mashine nyingi za siku hizi umeme ukirudi zinaendelea zilipoishia. Kisanduku cha sarafu hakikumbuki chochote. Kwa hiyo piga picha ya kihesabio kabla hujaondoka pale, saa ionekane, na umwoneshe mlinzi. Bila picha, hadithi yako ni sawa na ya wengine kumi na mmoja.

Hatua ya 7: Zamu

Mzunguko wa pamba unachukua saa moja na nusu. Jumamosi, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, wanaingia watu saba tu, tena kama hakuna anayechelewa. Sisi tuko kumi na wawili na wote tunaamini Jumamosi ni yetu.

Tulijaribu foleni ya mabeseni. Mtu anaacha beseni saa kumi na moja alfajiri, anarudi kulala, anafua saa nne. Mama mapacha wa chini alilisogeza beseni la mtu siku moja na hawakusalimiana mpaka Pasaka. Kilichofaa ni karatasi iliyobandikwa ukutani, kila nyumba na kipindi chake cha saa mbili kwa wiki, na ruhusa ya kubadilishana. Tuliongeza sheria moja: ukichelewa dakika kumi na tano kutoa nguo, anayefuata anakuita. Akikuita usitokee, anazitoa na kuziweka kwenye beseni lako safi uliloliacha pale. Hukuacha beseni? Anazirudisha akishamaliza yeye, na huna la kusema.

Mwenye kichanga apewe vipindi viwili. Hilo halikupigiwa kura.

Namna ya kuita nayo ni kitu. Ukipiga kelele chini ya ngazi "Nani kaacha manguo humu?" umeanza vita. Ukipanda, ukabisha hodi, "Dada, za saa hizi? Mzigo wako umeiva," mtu anashuka anacheka.

Hatua ya 8: Kuanika

Mashine ya kukaushia hatuna, na hatuihitaji. Mchana upepo unatoka ziwani na kupanda mlima. Nguo iliyokamuliwa na mashine, ikitundikwa saa nne, saa nane unaianua. Tatizo liko kwenye vitu vinavyokuja na upepo huo.

Kuna korongo wakubwa wenye upara wanaotua juu ya paa na nguzo. Usitundike shuka jeupe chini yao, kinyesi chao kinaunguza kitambaa na hata mzunguko wa pili hautoi. Kuna wale vidudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Wakipita, nguo nyeupe zinakuwa na madoadoa, na ukiwapangusa wakiwa wabichi unawapaka. Waache wakauke, kung'uta. Na kama uko upande wa Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, angalia upepo kabla ya kutundika, la sivyo utaingia ofisini ukinukia dagaa.

Usilaze nguo kwenye kamba. Dhoruba za ziwa hili hupenda kupiga usiku kuelekea alfajiri, na mvua za Machi hadi Mei hazibishi hodi. Miezi hiyo, fua kidogo kidogo katikati ya wiki, uanike ndani karibu na dirisha lililo wazi. Watu wa kwetu wanapenda kuanika juu ya mawe, na kweli jiwe likishika jua ni pasi tosha, ila mijusi ile yenye kichwa chekundu na mkia wa bluu nayo ina makao yake pale. Tandika gunia safi chini kwanza.

Hatua ya 9: Usikimbilie ziwani

Elfu tatu ikikosekana, ziwa linaonekana pale chini, maji ya bure. Usiende. Kusimama kwenye maji ya pembezoni ndiko kunakoleta kichocho: viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi bila wewe kusikia kitu. Pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Sabuni yako inalisha magugu maji yale yale yanayowakwamisha wavuvi. Chota ya bomba, fulia kwenye beseni nyumbani.

Hatua ya 10: Piga hesabu ya kujitoa

Mizunguko miwili kwa wiki ni elfu sita. Kwa mwaka ni laki tatu na elfu kumi na mbili. Nenda madukani mjini na namba hiyo mkononi, uulize bei ya mashine ndogo ya mapipa mawili, ya kufulia upande mmoja na kukamulia upande mwingine. Inakula maji mengi kuliko Dubwi, na inabidi uwe umesimama nayo, ila haina kisanduku.

Wanaoishi kwenye nyumba yenye mita yao wenyewe wanaogopa kwamba mashine itawatoa kwenye zile uniti 75. Peke yake haitawatoa. Mizunguko minane ya maji baridi kwa mwezi haifiki hata uniti nne. Pasi ya wati elfu moja ikiwa moto saa nzima inakula hadi uniti moja, na jiko la umeme ndilo baba lao. Kwenye mita ya pamoja kama yetu, ukileta mashine chumbani kaa na majirani kwanza, mkubaliane utaongeza shilingi ngapi kwenye mchango wa LUKU. Usipowaambia, watakuhesabia wao, na hesabu yao itakuwa kubwa.

Hatua ya 11: Mwendee mwenye nyumba, na daftari

Msiende kumi na wawili, atadhani ni maandamano. Nendeni wawili, mmoja awe mtu mzima anayemwamkia kama rika. Kwa mwezi mmoja kabla, andikeni kila mzunguko: tarehe, sarafu ngapi ziliingia, ulikamilika au haukukamilika, kwa nini. Letu lilikuwa na mizunguko 61, na kumi na mmoja ilikuwa ya kurudia.

Msianze na bei. Mtu ukimwambia bei yake ni kubwa, anajifunga. Sisi tulianza hivi:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibuni. Ni mashine tena?"

"Ni mashine, baba. Hatujaja kulalamikia elfu tatu. Tumekuja na kumi na moja ambazo tulilipa na nguo hazikutoka safi."

Akavaa miwani. Tuliomba vitu vitatu: maji baridi yawe elfu mbili, kwa kuwa umeme wake ni kidogo, anayekatikiwa na umeme awe na haki ya mzunguko wa bure akiwa na picha, na mashine ifungiwe mita yake ndogo ya kuhesabia, ili kila mtu aone inakula nini, kisha kisanduku kiondolewe, mlinzi aandike na watu walipe kwa simu. Haya yote tuliyataka kwenye karatasi, yaambatanishwe na mkataba wa pango, maana maneno ya sebuleni husahaulika kodi ikipanda.

La kwanza alilikubali palepale. La pili alilikubali baada ya kumwita mlinzi na kumuuliza kama ni kweli. Kwenye la tatu alifunua daftari kurasa mbili, akarudi nyuma, akahesabu kwa kidole.

"Na hiyo mita ndogo ananunua nani?"

"Nusu kwa nusu, baba."

"Mmeuliza bei?"

Hatukuwa tumeuliza. Nyinyi mkienda, ulizeni kwanza.